Mlima Uko Njiani

Katika mji wa Moshi, anayeswali huelekea mlimani. Ni jambo la ramani tu. Makka iko kaskazini yetu, ikikengeuka kidogo sana upande wa mashariki, umbali wa kilomita zipatazo 2,750, na kilele cha Kibo nacho kiko kaskazini ya mji, kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Basi mtu anayesimama pale mjini kutafuta kibla, kabla uso wake haujavuka Kenya na Ethiopia na Bahari ya Shamu, hukutana kwanza na mlima wetu.

Mimi nimezaliwa Old Moshi, upande wa Kidia, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa shule ya msingi kuchora dira na kuonyesha kaskazini kwa kidole. Kaskazini kwetu ni rahisi kufundisha: mwambie mtoto atazame mlima. Lakini kwamba kuna watu kule chini ambao mara tano kwa siku hugeukia huko huko tunakotazama sisi asubuhi tukitaka kujua kama mvua itanyesha, hilo halikuwahi kunipitia akilini mpaka nilipokwisha kustaafu, nikashuka siku moja peke yangu kwenda kuketi katika Msikiti wa Riadha.

Aliyenipeleka huko, bila mwenyewe kujua, ni mtoto wa kaka yangu. Ana kibanda cha vipuri vya pikipiki Pasua, na huko huko Pasua ndiko alikompata mke. Kabla ya kuoa alisilimu. Nyumbani hapakuzuka ugomvi, na mara nyingine nimewaza kwamba heri ungezuka, maana ugomvi una siku yake ya kwisha. Palikuwa na adabu tu, adabu nyingi mno. Krismasi ya kwanza baada ya ndoa yake alipanda kuja nyumbani kama watoto wote wa Kichaga wanavyopanda mwezi wa Desemba. Mbuzi alikwisha kuchinjwa kwa mkono wa kaka, kisusio cha damu kiko jikoni, mbege iko kwenye vibuyu. Kijana akakaa nje karibu na migomba. Mama yake, wifi yangu, akampikia ndizi peke yake katika sufuria mpya, na aliponipa niishike ili apakue, nikahisi kwa vidole ile karatasi ya dukani bado imegandia kitakoni. Alikuwa amekwenda kuinunua siku hiyo hiyo. Kijana alikula, akashukuru, akaondoka kabla ya jioni, na hakuna aliyemzuia.

Karatasi ile ilinikaa moyoni kuliko mambo makubwa zaidi ambayo familia yetu imeyapitia. Sikuweza kusema kama ilikuwa ishara ya upendo au ya kumtenga. Hadi leo nadhani ilikuwa vyote viwili, na wifi yangu mwenyewe, ukimwuliza, hatakuwa na jibu la mkato. Mimi ni shangazi wa kijana, na kwetu shangazi ana neno lake katika mambo ya nyumba ya kaka. Wakanitazama niseme, nami sikuwa na la kusema, kwa sababu sikujua hata mahali anapokwenda mtoto wetu anaposema anakwenda kuswali. Msikiti nilikuwa nikiupita kila niendapo sokoni. Niliutumia kama watu wengi wa juu tunavyoutumia: kumwelekeza mtu duka lilipo.

Nikachagua Ijumaa. Nikaaga kwamba nashuka mjini, na kwetu mtu akisema anashuka mjini haulizwi zaidi.

Daladala ya kutoka kwetu hushuka ikipinda katikati ya migomba na mibuni, ikafika Kiboriloni penye mitumba, ikaingia barabara kuu. Njiani joto hupanda taratibu, na mtu huanza kulegeza kanga bila kujua ameanza saa ngapi. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba zamani huko chini hapakuwa mahali pa kuishi. Palikuwa pori, penye homa na wanyama. Mtu alishuka kulima mahindi au kukata majani ya ng'ombe, kisha akahakikisha jua halimzamii huko. Maisha yalikuwa juu, kihambani, penye migomba na maji ya mifereji. Mji huu wa sasa ni mtoto wa reli: reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, shughuli za Wajerumani, waliokuwa na boma lao kwetu juu, zilihamia tambarare, na jina la Moshi likashuka pamoja nazo. Kwetu kukabaki kuitwa Old Moshi.

Nilikuwa nimeyafundisha haya yote. Lakini kuyafundisha na kuyafikiria nikiwa ndani ya daladala, nikienda mahali nisipojua nitapokewaje, vilikuwa vitu viwili tofauti. Nilijiuliza: ikiwa watu wa mlima walikuwa wakikimbia giza, ni nani aliyelala mjini usiku ule wa kwanza, na wa pili, na miaka iliyofuata? Ni watu wa kuja: wa pwani, wa Upare, wa bara ya mbali, Wahindi wenye maduka. Wengi wao walikuwa Waislamu. Wakazaa pale, wakazikwa pale. Sisi tuliokuja kujenga mjini baadaye, wakati vihamba vimekwisha kugawanywa hadi havigawanyiki tena, tumewaita wageni muda wote huo, na hata leo ukimwuliza mtu wa juu kuhusu kijana wetu atakwambia ameoa kwa watu wa mjini, kana kwamba mji uko nchi nyingine.

Na kabla ya reli palikuwa na njia ya miguu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka pwani ya Mombasa kwenda Kilema, na tarehe 11 Mei, akiwa njiani, akaiona theluji ambayo wenzake wa Ulaya walikataa kuiamini. Darasani jina la Rebmann nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Jina la Bwana Kheri, aliyemwongoza, nililitaja kwa mdomo tu, haraka, kama anavyotajwa dereva wa mgeni rasmi. Bwana Kheri alikuwa Mswahili wa pwani, Mwislamu. Mmisionari wa kwanza alipanda mlima huu akifuata mgongo wa Mwislamu aliyeijua njia. Wazungu waliomtembelea mtawala wetu, Mangi Rindi, katika miaka ya 1880, hapo hapo Old Moshi, walimkuta akizungumza Kiswahili, alichokipata kwa watu wa misafara ile ile.

Sitaki kuipamba njia hiyo. Ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliofungwa. Baadaye jeshi la Wajerumani lililovunja nguvu za Mangi Meli mwaka 1893 lilikuwa na askari kutoka Sudani, Waislamu, na kumbukumbu hiyo nayo imo katika jinsi wazee wetu walivyolitamka neno msikiti. Lakini waliomnyonga Meli tarehe 2 Machi 1900 walitoka nchi ile ile iliyotuletea Biblia ya Kilutheri ninayoisoma kila asubuhi, na bado tuliipokea Biblia. Nimeliwaza hilo mara nyingi bila kufika mwisho. Kwa nini kumbukumbu moja ilisamehewa na nyingine ikahifadhiwa? Labda ni kwa sababu waliokuja na Biblia walikaa na sisi juu, wakajifunza Kichaga, wakatuzika na kutuoza, na hao wengine walikaa chini. Labda mtu husamehewa kwa ukaribu kuliko kwa haki. Sina uhakika.

Ijumaa mji wa Moshi hujaa mpaka pembeni. Wapo wanawake wa ndizi na parachichi walioteremka alfajiri, wapo wapagazi wenye viatu vizito wakisubiri kuitwa kazini, wapo vijana wa bodaboda kila kona, na watalii wanaotembea polepole wakitazama juu. Nilifika kwenye saa nne na nusu hivi. Mlima ulikuwa bado wazi, mweupe kileleni, ukichungulia juu ya mapaa ya mabati. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu nikijifanya nasubiri mtu. Sikuwa na hofu ya kufukuzwa. Hofu yangu ilikuwa kuonekana na mtu wa Kidia.

Mlangoni palikuwa na mzee mmoja akikung'uta mkeka. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanikaribisha, akangoja. Nikamwambia ukweli wote kwa pumzi moja: kwamba mimi ni Mlutheri wa Kidia, kwamba mtoto wa kaka yangu amesilimu na anaishi Pasua, kwamba nimetaka tu kupaona mahali wanaposwali. Nilidhani ataniuliza jina la kijana, au ataniuliza kama nami nafikiria kusilimu. Hakuuliza lolote kati ya hayo.

"Umekuja na nani, mama?"

"Peke yangu, baba."

"Basi pumzika kwanza. Jua la leo kali."

Akamwita mama mmoja aliyekuwa akiteka maji, akamwomba anipeleke upande wa wanawake. Nilikuwa nimejitanda mtandio, lakini mtandio wangu ni wa kanisani, wa hariri laini, unaoteleza ukigeuza shingo. Yule mama aliutazama, akachomoa pini moja kwenye ushungi wake mwenyewe, akanibana chini ya kidevu kwa uangalifu, huku mkono mwingine ameuweka katikati ili asinichome. Hakusema neno. Alifanya kama anavyofanyiwa bibi harusi, au mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya udi. Misahafu ilipangwa kwenye rafu, mingine imechakaa pembeni kwa kushikwa. Ukutani palikuwa na ubao wa saa za swala. Zulia lilikuwa na mistari, na mistari yote ilikuwa imelala namna moja, ili kila anayeingia ajue bila kuambiwa asimame wapi na atazame wapi. Nikakaa nyuma kabisa, mgongo ukutani. Mwalimu wa jiografia hastaafu kabisa. Nikaanza kujiuliza mistari ile imeelekea wapi. Nikakumbuka mlango nilioingilia, nikakumbuka barabara, nikakumbuka kilele nilichokiona juu ya mapaa. Ndipo ikanijia. Ukuta ulikuwa mbele yangu, mtupu, hauonyeshi chochote. Lakini nyuma ya ukuta ule palikuwa na mji, nyuma ya mji palikuwa na vihamba vya kwetu, na juu ya vihamba palikuwa na Kibo.

Sijui niseme nini kuhusu nilichohisi. Kwetu zamani upande wa Kibo ulikuwa upande wa heshima. Wazee walipozika, walimlaza marehemu uso ukielekea Kibo. Ukristo ulipokuja tuliyaacha hayo, au tulisema tumeyaacha, ingawa bado nawajua watu wazima wanaopenda kitanda kikae hivi na si vile bila kueleza sababu. Na hapa, katika nyumba ambayo familia yangu iliamini mtoto wetu amepotelea, kila mtu alikuwa anaelekea huko huko. Machozi yalinitoka. Yule mama wa pini aliniona, akatazama pembeni.

Watu wakaanza kuingia. Kwanza mmoja mmoja, halafu kwa makundi, na kabla sijatanabahi wanawake walikuwa wamesimama bega kwa bega mbele yangu: wanafunzi wenye sare, wauzaji niliowatambua kwa kuwanunulia vitunguu, bibi mmoja aliyeletewa kiti. Nje, sauti ya viatu kuvuliwa haikukoma. Waliokosa nafasi walitandika mikeka barazani. Hotuba, sehemu yake ya Kiswahili, ilihusu kulipa madeni kwa wakati, na ingeweza kusomwa Kidia Jumapili bila kubadilishwa sana. Swala yenyewe ya Ijumaa ni rakaa mbili. Ilikwisha upesi kuliko nilivyotazamia mimi niliyezoea ibada ya saa mbili na matangazo juu yake. Walipoinama sikuinama. Nilikaa mikono mapajani. Nilisali? Nimejiuliza tangu siku ile. Nilikuwa nimenyamaza mbele za Mungu, hilo nalijua, lakini pia nilikuwa nikihesabu migongo na kutafuta mabega ya mwanetu katika umati ambao kutoka nilipokaa nisingeweza kuuona. Kama huko nako ni kusali, basi nilisali.

Watu walipopungua nilimrudishia mama pini yake. Akakataa, akasema nitaihitaji kwenye upepo. Nikaenda kumuaga mzee. Mlima wakati ule ulikuwa umekwisha kufunikwa na mawingu, kama kawaida yake saa za mchana, na hapakuwa na la kuonyesha, lakini mimi nilikuwa nimejaa, sikuweza kuondoka bila kusema. Nikamwambia yote: habari ya dira, habari ya Kibo, habari ya wazee wetu na makaburi yao. Nikamwambia, kumbe tunaelekea mahali pamoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu kwa upole ambao mpaka leo sijui nauweka wapi.

"Mlima uko njiani tu, mama. Aliye Mwanza mbele yake ni ziwa. Aliye Karanga gerezani, mbele yake ni ukuta. Sisi tunaelekea Al-Kaaba."

Akanisindikiza hadi barabarani, akamwambia kijana wa bodaboda asinizidishie nauli.

Nilipanda nyumbani nikiwa nimeudhika kidogo, na maudhi hayo yalinishangaza. Nilikuwa nimekwenda kwa unyenyekevu, au nilidhani hivyo, nikapewa zawadi nzuri kuliko niliyoitarajia, kisha nikanyang'anywa mlangoni. Ilichukua wiki kadhaa kabla sijaanza kumwelewa yule mzee, na kumwelewa kwenyewe bado hakujakamilika. Nadhani aliona jambo ambalo mimi sikuliona: kwamba nilikuwa tayari kumpokea mwanetu kwa sharti moja, kwamba dini yake igeuke kuwa namna nyingine ya kuwa Mchaga. Nilitaka swala yake iishie Kibo ili niweze kuipenda. Yeye, kwa maneno machache, alikataa iishie hapo. Alinikaribisha ndani ya nyumba yake bila masharti, lakini hakuniruhusu niondoke nimeifanya kuwa yangu.

Hata hivyo, kuna wakati namwona naye kama hakunielewa. Kwa mtu aliyezaliwa tambarare mlima unaweza kuwa njiani tu. Kwa mtu aliyezaliwa juu yake hauwezi kuwa hivyo kamwe, na mwanetu amezaliwa juu yake. Anaposimama kuswali, je, haoni kwa jicho la ndani mti wa mparachichi wa baba yake, mfereji, kaburi la babu? Nilikuja kumwuliza kijana mwenyewe, baadaye. Akacheka, akasema, "Shangazi, nikiswali najitahidi nisione kitu." Kisha akafikiri. "Lakini nikimaliza, ndiyo, huwa natazama."

Kwetu Kidia tulikuwa na Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeondoka mwaka 1938 baada ya kukaa kwa miongo kadhaa. Bibi alimjua kwa sura. Alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amevifunga, na kwamba mtu asing'olewe humo ili awe Mkristo. Kanisa letu lina harufu ya mafundisho hayo hata leo. Lakini Gutmann alikuwa akimfikiria anayeingia kanisani. Kwa anayetoka tumeachiwa wenyewe, na tunajifunza polepole, kwa kununua sufuria.

Kaka nilimweleza safari yangu jioni moja tukiwa kihambani, yeye akipogoa migomba. Hakukasirika. Aliendelea kukata majani makavu kwa muda, halafu akauliza swali ambalo nilijua limemkaa kooni tangu ile siku ya ndoa.

"Siku akifa, mdogo wangu, tutamweka wapi? Huko chini, na watu wasiomjua?"

"Hapa hapa," nikasema. "Wako Wachaga Waislamu wanaozikwa vihambani mwao. Humlaza mtu kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Na kibla chetu hapa ni karibu kule." Nikaonyesha juu.

Akageuka akatazama. Akasimama hivyo kitambo, panga likining'inia mkononi.

"Kama babu," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kumpa neno la yule mzee, kwamba mlima uko njiani tu. Lilikuwa mdomoni. Nilimtazama kaka, nikaona jinsi mabega yake yalivyoshuka, kama mtu aliyetua mzigo, nikaliacha. Sijui kama nilifanya vema. Amani ya kaka imesimama juu ya jambo ambalo ni kweli kwenye ramani na si kweli mahali pengine, na iko siku kijana mwenyewe atalisahihisha, pengine kwa ukali kuliko alivyofanya mzee.

Desemba hii anakuja na mkewe na mtoto wao. Kaka amekwisha kusema kwamba mbuzi wa siku ile atachinjwa na kijana mwenyewe, ili wote tule chungu kimoja. Bado tunabishana juu ya kisusio. Kaka anataka mbuzi wa pili achinjwe nyuma ya nyumba kwa desturi ya ukoo, damu ikingwe kama zamani, kwa ajili ya wazee ambao bila hicho hawatasema wamekula Krismasi. Wifi anasema mwaka huu tukiache. Wananingoja mimi niamue, na nimewaomba wanipe muda.